Mmoja Bora au Wawili wa Kawaida? Hesabu za Uwezekano katika Uchaguzi wa Wachezaji wa Mpira wa Kimarekani

Mfugaji aliye na fedha za kununua ama ndama mmoja anayesifiwa na mnada mzima, ama ndama wawili wasiosifiwa sana, hukabiliwa na swali la zamani sana. Ndama wote bado ni wachanga, na hakuna ajuaye kwa yakini yupi atakua na kutoa maziwa mengi, wala yupi atakufa kabla ya kuzaa. Je, ni busara kuziweka fedha zote juu ya sifa za mmoja, au kuzigawanya kwa wawili?

Swali hilo hilo huulizwa kila mwaka huko Marekani, si mnadani, bali katika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ambamo timu 32 huchagua wachezaji vijana kutoka vyuo vikuu. Biashara hiyo inahusu fedha nyingi: mwaka 2024 kila timu iliruhusiwa kutumia hadi dola milioni 255.4 kwa mishahara ya wachezaji wake. Jambo linalowavutia wanasayansi, hata hivyo, si fedha zenyewe. Kila uamuzi katika uchaguzi huo huandikwa, na matokeo yake huonekana wazi baada ya miaka michache. Kwa hiyo, uchaguzi huo umekuwa kama maabara ya kupimia jinsi binadamu anavyoamua mambo asiyokuwa na hakika nayo.

Asili ya uchaguzi

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mpira wa Kimarekani si kandanda. Mpira wake umechongoka pande mbili, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Mashambulizi huongozwa na mchezaji mmoja ambaye hupokea mpira na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenziwe au akimbie nao. Katika makala haya mchezaji huyo ataitwa mrushaji. Nafasi yake ina uzito kuliko nyingine zote, na jambo hili litakumbukwa tena hapo baadaye.

Katika miaka ya mwanzo, kijana aliyemaliza chuo aliweza kujiunga na timu yoyote iliyomtaka. Timu tajiri zikawanyakua walio bora, na timu dhaifu zikabaki dhaifu. Mwaka 1935, Bert Bell, mmiliki wa timu ya Philadelphia Eagles, alipendekeza utaratibu mpya: timu zichague kwa zamu, na iliyofanya vibaya kuliko zote itangulie. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Philadelphia mwezi wa Februari 1936, ukiwa na timu 9 na mizunguko 9. Kijana wa kwanza kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja katika ligi hiyo. Tangu siku ya kwanza, basi, ilidhihirika kwamba kutangulia kuchagua si sawa na kupata.

Siku hizi uchaguzi huwa na mizunguko 7. Timu iliyoshika mkia huchagua ya kwanza, na bingwa huchagua wa mwisho katika kila mzunguko. Hata hivyo, timu hailazimiki kuitumia nafasi yake. Yaweza kuibadilisha na timu nyingine. Timu yenye nafasi ya juu ikimpa mwenziwe nafasi hiyo, ikapokea nafasi ya chini pamoja na nafasi nyingine za ziada, husemwa kwamba imeshuka. Na ile iliyotoa nafasi nyingi ili ipate moja ya juu husemwa kwamba imepanda. Swali la makala haya ni hili: ni nani mwenye faida, anayepanda au anayeshuka?

Jedwali la Dallas

Ili vitu viwili vibadilishwe kwa haki, hapana budi kuwe na kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, timu ya Dallas Cowboys ilikuwa na nafasi nyingi za kuchagua. Sababu kubwa ilikuwa mabadilishano ya Oktoba 1989, ambapo ilimtoa mchezaji wake mashuhuri, Herschel Walker, kwa timu ya Minnesota Vikings, nayo ikapokea wachezaji kadhaa pamoja na nafasi za kuchagua za miaka iliyofuata. Kocha Jimmy Johnson alihitaji njia ya haraka ya kupima kila toleo aliloletewa. Kazi hiyo ilifanywa na Mike McCoy, mhandisi aliyekuwa mmoja wa wabia wa timu hiyo. Alikusanya habari za mabadilishano yaliyokwisha kufanyika, akachora mstari, na kutokana na mstari huo akaipa kila nafasi pointi zake.

Baadhi ya pointi katika jedwali hilo ni hizi:

Nafasi ya 1: pointi 3,000
Nafasi ya 2: pointi 2,600
Nafasi ya 6: pointi 1,600
Nafasi ya 10: pointi 1,300
Nafasi ya 16: pointi 1,000
Nafasi ya 32: pointi 590
Nafasi ya 40: pointi 500

Msomaji ataona mara moja jinsi mstari huo unavyoteremka kwa ghafula mwanzoni. Kutoka nafasi ya 1 hadi ya 6, thamani hupungua karibu nusu. Kutoka ya 32 hadi ya 40, ambazo ni hatua nyingi zaidi, hupungua kwa pointi 90 tu. Kwa mujibu wa jedwali hili, mwenye nafasi ya kwanza anaweza kudai nafasi sita za mahali pa 40, na jambo hilo likaonekana kuwa la haki.

Jedwali lilienea katika ligi nzima, nayo Dallas, iliyokuwa imeshinda mechi 1 tu kati ya 16 mwaka 1989, ikatwaa ubingwa mara tatu, katika fainali za Januari 1993, 1994 na 1996. Lakini hapa pana jambo linalotaka uangalifu. McCoy hakupima ubora wa wachezaji waliopatikana katika kila nafasi. Alipima bei ambazo timu zilikuwa zimekubali kulipa. Bei na thamani si kitu kimoja. Ikiwa wanunuzi wote sokoni wana kosa moja, jedwali la bei zao litalirithi kosa hilo, na kila atakayelitumia baadaye atakosea kwa usahihi mkubwa.

Laana ya mshindi

Kosa la aina hiyo lilikuwa limekwisha kuelezwa katika fani nyingine kabisa. Mwaka 1971, wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliandika juu ya kampuni zilizoshindana kununua haki za kuchimba mafuta katika minada. Waliona kwamba kampuni iliyoshinda mnada mara nyingi ilipata faida ndogo kuliko ilivyotazamia. Sababu yake ni nyepesi kueleza, ingawa si nyepesi kuikubali.

Na ichukuliwe kwamba kitu fulani kina thamani halisi ya 100, na wanunuzi watano wanakikadiria bila kujua ukweli. Mmoja anasema 80, wa pili 90, wa tatu 100, wa nne 110, na wa tano 120. Wastani wa makadirio yao ni 100, kwa hiyo kwa jumla hawakukosea hata kidogo. Lakini ni nani atakayekinunua? Ni yule aliyesema 120, yaani yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Mnada humtafuta mwenye matumaini makubwa kupita wote, kisha humkabidhi bidhaa pamoja na hasara yake. Wataalamu huiita hali hii laana ya mshindi.

Uchaguzi wa wachezaji una tabia hiyo hiyo. Timu 32 humtazama kijana mmoja. Timu inayotoa nafasi nyingi ili impate yeye ni ile inayomwona bora kuliko zote zinavyomwona, na kwa kawaida makadirio yake huwa yamepita ukweli.

Walichogundua Massey na Thaler

Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, walilichunguza jambo hili kwa takwimu za ligi, na utafiti wao ulichapishwa katika jarida la kitaalamu mwaka 2013. Thaler alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017 kwa kazi zake juu ya tabia ya binadamu katika maamuzi ya kiuchumi. Mambo matatu kati ya waliyoyaona yanafaa kutajwa hapa.

Kwanza, walilinganisha kila mchezaji na yule aliyechaguliwa baada yake katika nafasi ile ile ya uchezaji. Timu iliyotangulia ilikuwa huru kumchukua yeyote kati ya wawili hao. Je, yule wa kwanza aliibuka kuwa bora mara ngapi? Jibu ni kwamba ilizidi kidogo tu nusu ya mara zote. Kwa maneno mengine, baada ya kupima mbio, kutazama filamu za mechi na kuwahoji vijana, uwezo wa timu wa kutofautisha wawili wanaofuatana ulizidi kidogo tu ule wa kurusha sarafu.

Pili, walitoa gharama ya mshahara katika thamani ya mchezaji. Mchezaji anayeleta faida ya dola milioni 5 na kulipwa milioni 5 hajaiongezea timu kitu, kwa sababu fedha za mishahara zina mpaka. Kwa sheria za wakati wa utafiti huo, waliochaguliwa mwanzo kabisa walilipwa fedha nyingi mno. Ziada kubwa kuliko zote haikupatikana katika nafasi ya kwanza, bali karibu na mwanzo wa mzunguko wa pili. Ile zawadi waliyopewa wanyonge iligeuka kuwa mzigo; ndiyo sababu watafiti hao waliiita hali hiyo laana ya mshindwa.

Tatu, waliona kwamba timu hazina subira. Ilikuwa desturi kutoa nafasi ya mzunguko wa kwanza ya mwaka ujao ili kupata nafasi ya mzunguko wa pili ya mwaka huu. Ukilipiga hesabu kama mkopo, riba yake huzidi asilimia 100 kwa mwaka. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu angekopa fedha kwa riba hiyo, ila kocha anayehofu kufukuzwa kazi mwisho wa msimu anaweza kukopa, maana deni litalipwa na atakayemrithi.

Ni haki kuongeza kwamba sheria ya mishahara ilibadilishwa mwaka 2011. Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2010, alipewa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78. Cam Newton, wa kwanza mwaka 2011, alipata mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 22. Kwa hiyo, nafasi za juu hazina tena gharama kubwa kama zamani, na hoja ya pili imepungua nguvu. Ya kwanza na ya tatu hazikuguswa na sheria hiyo.

Jaribio la darasani

Walimu wa hisabati wanaweza kuyaonyesha haya kwa dadu peke yake. Darasa ligawanywe katika makundi mawili. Kundi A lina nafasi moja ya juu: hurusha dadu mara moja, na likipata 1, 2, 3 au 4 limefaulu. Kundi B limeshuka: lina nafasi mbili za chini, kwa hiyo hurusha mara mbili, lakini kila mrusho hufaulu kwa 1, 2 au 3 tu.

Uwezekano wa A kufaulu ni 4/6, yaani takriban asilimia 67. Kwa B, uwezekano wa mrusho mmoja kushindwa ni 1/2, na uwezekano wa yote miwili kushindwa ni 1/2 × 1/2 = 1/4. Basi uwezekano wa kupata angalau mchezaji mmoja mzuri ni 1 − 1/4 = 3/4, yaani asilimia 75. Jaribio likirudiwa mara 60, A hutazamiwa kupata wachezaji wazuri 40. B hutazamiwa kuwapata 60, na katika mara 15 atapata wawili kwa mpigo. Ingawa kila nafasi ya B ni duni kuliko ya A, kwa jumla B yu mbele.

Lakini mwalimu asiishie hapo, maana hesabu hii imewafanya wachezaji wote wazuri kuwa sawa. Na isemwe sasa kwamba A akipata 1, amempata nyota mwenye thamani ya pointi 5, ilhali kila mchezaji mzuri wa kawaida ni pointi 1. Wastani wa A kwa kila jaribio huwa (5 + 1 + 1 + 1) ÷ 6, yaani pointi 1⅓. Wastani wa B hubaki pointi 1. Mambo yamegeuka, na sasa A ndiye aliye mbele! Nyota akiwa na thamani ya pointi 3, njia mbili zinalingana kabisa. Kumbe jibu la swali halimo katika idadi ya nafasi peke yake. Limo pia katika kujua nyota ana thamani gani, na kama kweli anapatikana juu tu.

Mfano wa mwaka 2012

Mwaka 2012, timu ya Washington ilimtaka mrushaji Robert Griffin III. Ili ipande kutoka nafasi ya 6 hadi ya 2, iliipa timu ya Rams, iliyokuwa St. Louis wakati huo, nafasi yake ya 6, nafasi ya 39, na nafasi zake za mzunguko wa kwanza za mwaka 2013 na 2014.

Jedwali la Dallas huipa nafasi ya 2 pointi 2,600. Nafasi ya 6 na ya 39 ni pointi 1,600 na 510, jumla 2,110. Pengo lililobaki lilikuwa pointi 490 tu, na Washington ililiziba kwa nafasi mbili za mzunguko wa kwanza, ambazo hata zingekuwa za mwisho kabisa zingekuwa na pointi 590 kila moja. Muda ulipopita, nafasi ya mwaka 2013 ilitokea kuwa ya 22, yenye pointi 780. Mwaka 2013 Washington ilishinda mechi 3 tu kati ya 16. Hivyo nafasi yake ya mwaka 2014 ikawa ya 2, yenye pointi 2,600. Jumla ya malipo yote ikafikia pointi 5,490. Washington ililipia nafasi ya pili kwa nafasi nyingine ya pili, na juu yake pointi 2,890.

Je, Griffin alikuwa mchezaji mbaya? La hasha. Katika mwaka wake wa kwanza aling'ara, na timu ikashinda mechi 10. Kisha Januari 2013 aliumia goti, na hakurudia tena kiwango kile. Hakuna jedwali linaloweza kutabiri goti la mtu, na hiyo ndiyo hoja yenyewe: kadiri jambo lisilotabirika linavyokuwa kubwa, ndivyo ilivyo hatari kulitegemea moja. Katika uchaguzi ule ule wa 2012, timu ya Seattle ilimpata mrushaji Russell Wilson katika nafasi ya 75, na kwa msaada wake ikawa bingwa Februari 2014. Washington yenyewe ilimchagua mrushaji mwingine, Kirk Cousins, katika nafasi ya 102. Ndiye aliyekuja kuchukua mahali pa Griffin mwaka 2015.

Tarehe 7 Desemba 2014, Rams walikwenda kucheza Washington. Wakati wa kurusha sarafu, kocha wao aliwatuma katikati ya uwanja, kama manahodha, wachezaji waliopatikana kutokana na mabadilishano yale. Rams walishinda 24 kwa 0.

Upande wa pili wa hoja

Ingekuwa kosa kumalizia hapo na kutangaza kwamba anayeshuka hushinda daima. Rams hao hao, pamoja na nafasi zote walizopata, hawakupata msimu hata mmoja wa kushinda zaidi ya kushindwa katika miaka ya 2012 hadi 2016. Nafasi nyingi ni mbegu nyingi tu. Zisipopandwa vyema hazioti. Na mwaka 2016 wao wenyewe walipanda hadi nafasi ya kwanza kwa malipo makubwa ili wampate mrushaji Jared Goff.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2017. Timu ya Kansas City ilipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10, ikitoa pia nafasi ya mzunguko wa tatu na nafasi yake ya mzunguko wa kwanza ya mwaka 2018. Ilimchukua mrushaji Patrick Mahomes, naye akaipatia ubingwa mwaka 2020, 2023 na 2024. Hapo kanuni ya nyota wa pointi 5 imejionyesha. Timu huchezesha mrushaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Wawili wa wastani hawawezi kujumlishwa wakawa mmoja bora, kama vile vyungu viwili vinavyovuja havifanyi kimoja kizima.

Kwa upande mwingine, nyota hawakai juu peke yake. Tom Brady alichaguliwa mwaka 2000 katika nafasi ya 199, baada ya warushaji wengine sita, akatwaa ubingwa mara saba. Wengine hawachaguliwi kabisa: Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alijiunga na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia uchaguzi huo.

Hitimisho

Mambo mawili yanabaki. La kwanza ni kwamba uamuzi mzuri na matokeo mazuri ni vitu tofauti. Aliyeshuka kwa hesabu sahihi anaweza kupata hasara, na aliyepanda kwa pupa anaweza kupata nyota. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyoweza kujulikana wakati ulipofanywa, na kwa mara nyingi, si kwa mara moja.

La pili ni kwamba elimu na vipimo haviondoi majivuno. Timu hizi zina wataalamu, filamu na kompyuta, lakini kila habari mpya huongeza imani ya mwamuzi upesi kuliko inavyoongeza ujuzi wake. Hali hiyo haiko Marekani tu wala michezoni tu. Humkuta mkulima anayepanda shamba lake lote mbegu moja iliyosifiwa, na halmashauri inayomchagua mtu mmoja kwa masomo ya juu baada ya usaili wa nusu saa. Kila mmoja wao angefanya vyema kujiuliza, kabla ya kutoa vyote alivyo navyo kwa ajili ya kimoja: nina hakika kiasi gani kwamba huyu ni bora kuliko anayemfuata?

Maswali ya mazoezi

1. Kundi B lipewe nafasi tatu badala ya mbili, kila moja ikiwa na uwezekano wa 1/3 wa kufaulu. Tafuta uwezekano wa kupata angalau mchezaji mmoja mzuri, na ulinganishe na kundi A.

2. Kwa kutumia pointi zilizotajwa, mwenye nafasi ya 10 akipewa nafasi ya 32 na ya 40, anadai pointi ngapi zaidi ili mabadilishano yalingane?

3. Wanafunzi kumi wakadirie, kila mmoja kwa siri, idadi ya punje za mahindi katika chupa. Linganisheni wastani wa makadirio na idadi halisi, kisha mtazame kadirio la juu kuliko yote. Ni nani angeshinda mnada, na angepata hasara gani?